Usanifu wa mandhari kwa miguu: mwongozo kwa anayejifunza akiwa Tanga

Msanifu wa mandhari anashughulika na kila kilicho nje ya kuta: maji yanapita wapi, kivuli kinaangukia wapi saa nane mchana, mti gani upandwe na upi uachwe, watu wapite njia ipi, na eneo lenyewe litakuwaje miaka ishirini baada ya yeye kulipwa na kwenda zake. Wengi wakisikia jina la kazi hii hudhani ni kupanda ukoka na maua mbele ya hoteli. Ukoka umo, lakini ni sehemu ndogo, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayofundisha kidogo kuliko zote.

Kazi hii ina shahada yake na vyuo vyake, nitavitaja mwishoni. Ila kiini chake ni kusoma ardhi, na ardhi haisomeki ukiwa umekaa. Hapo Tanga inampa mwanafunzi bahati ambayo miji mingi haina. Ukidamka mapema unaweza kuanza kwenye mikoko, ukapita mashamba ya mkonge na miamba ya chokaa, na jua likizama uko ndani ya msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye daftari, miguu miwili na nauli ya daladala. Nimetanguliza maji kuliko mimea makusudi, na uchoraji nimeuweka karibu na mwisho makusudi vilevile.

Hatua ya kwanza: eneo moja tu

Chagua mahali pamoja, padogo, upafuate kwa mwaka mzima. Nusu ya kiwanja cha mpira inatosha. Masharti yangu ni matatu tu: uweze kufika bila kutumia pesa nyingi, maji yawe yanapita au yanatuama hapo wakati wa mvua, na pasiwe pa kwako peke yako, kwa sababu bustani ya nyumbani haikufundishi kusikilizana na watu. Uwanja wa shule ya msingi unafaa. Kibonde kati ya nyumba huko Mikanjuni au Mabawa kinafaa. Ukingo wa mikoko Sahare au Mwambani unafaa sana. Ukiwa upande wa Pongwe au Amboni unaweza kupata pembe ya machimbo yaliyokwisha kazi, na hilo ni somo la aina yake, nitalirudia.

Usianze na futi kamba. Hapa Tanzania mtu anayepima eneo la watu bila kujieleza huonekana ametumwa, na kila mtu anaikumbuka ile alama ya X nyekundu ukutani. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mzee ambaye nyumba yake inatazama eneo lako. Mazungumzo yataanza hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie mnatoka ardhi?"

"Hapana mzee, ni mwanafunzi. Nataka kujua maji ya mvua hapa yanapita wapi."

"Maji? Kaa hapo barazani nikueleze."

Swali la maji halimtishi mtu, na kila mkazi ana la kusema juu yake. Akina mama watakuonyesha mlango uliofurika, mafundi watakuonyesha msingi uliopasuka, na wazee watakuambia palikuwa na mfereji gani kabla nyumba ile ya kona haijajengwa. Andika yote, hata yanayopingana. Hasa yanayopingana.

Kama eneo lako liko mikokoni, ongeza hodi nyingine mbili. Mikoko ni hifadhi ya msitu, na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ndio wasimamizi wake. Huruhusiwi kukata wala kupanda kwa utashi wako. Na kijijini kwa wavuvi kuna BMU, kikundi cha kulinda rasilimali za pwani, ambacho kitataka kujua unatafuta nini kwenye matope yao.

Hatua ya pili: vifaa

Daftari gumu, penseli, futi kamba ya mita thelathini ukipata ya kuazima, kamba ya katani, vigingi, chupa za plastiki zenye mfuniko, panga, magazeti ya zamani na kofia. Simu yenye kamera. Basi.

Kifaa kimoja utakitengeneza mwenyewe, nacho kitakufundisha mteremko kuliko programu yoyote ya kompyuta: fremu A. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita mbili, zifunge pamoja juu, zitanue chini, kisha funga fito ya tatu katikati ziwe kama herufi A. Kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe, ule ule wa timazi ya fundi, ushuke hadi upite mbele ya fito ya katikati. Simamisha fremu, weka alama pale uzi unapogusa fito. Sasa igeuze, mguu wa kulia ukanyage pale pale palipokuwa pa kushoto, na wa kushoto pa kulia. Weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo uzi utakapokaa kila miguu yote miwili ikiwa kwenye kimo kimoja.

Ukishaipata alama hiyo, tembeza fremu uwanjani mguu baada ya mguu, ukitafuta sehemu uzi unapotulia katikati, na kila ulipotua piga kigingi. Mstari wa vigingi utakaoupata ni kontua, yaani mstari unaopita sehemu zenye kimo kimoja. Mara nyingi utapinda kwa namna ambayo jicho halikuitarajia, na uwanja uliodhani ni sawa utakuonyesha kwamba umeinamia upande mmoja. Kwa umbali mrefu tumia mpira mwembamba wa maji ambao mafundi hutumia kulinganisha misingi. Maji ndani ya mpira hayadanganyi. Pimamaji ya kawaida ya fundi ni fupi mno kwa kazi ya uwanja.

Hatua ya tatu: maji

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu.

Tanga ina misimu miwili ya mvua: masika, takribani Machi hadi Mei, na vuli, takribani Oktoba hadi Desemba. Nenda kwenye eneo lako mvua ikiwa inanyesha. Vaa ndala, chukua mwavuli, simama. Ramani zote utakazochora baadaye hazitakupa kile utakachokiona katika nusu saa ya mvua kubwa: maji yanatoka kwenye paa gani, yanashika njia gani ya miguu, yanabeba mchanga kutoka wapi na kuumwaga wapi. Mvua ikikatika, fuata mistari ya takataka na mchanga iliyobaki. Pale maji yalipopungua kasi ndipo yalipotua mzigo wake.

Kisha piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati lenye mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 kwa siku, limemwaga lita 5,000. Ni tangi zima la lita elfu tano, na limekwenda kwenye mlango wa jirani wa chini. Hesabu hii ukimwonyesha mwenye nyumba kwa namba zake mwenyewe, mazungumzo hubadilika.

Swali linalofuata ni ardhi inayanywa maji kwa kasi gani. Chimba shimo lenye kina na upana wa sentimita 30. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha chomeka kijiti chenye alama na upime maji yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa, usipange kuyazamisha maji hapo. Yapitishe yaende pengine. Yakishuka haraka sana, huenda uko juu ya mawe ya chokaa au mchanga mtupu. Miamba ya upande wa Amboni ni chokaa, na mapango yenyewe ni kazi ya maji yaliyoyeyusha mwamba huo kwa muda mrefu usiopimika kwa umri wa mtu. Juu ya mwamba wa namna hiyo maji hupotea haraka, na kila uchafu unaoumwaga juu huenda nayo chini bila kuchujwa vya kutosha. Kwa hiyo bonde la kunywesha maji ya mvua, yaani shimo pana la kuyakusanya yazame ardhini, ni wazo zuri karibu na paa, na wazo baya karibu na choo cha shimo.

Mtu atakuuliza kuhusu mbu, na ana haki. Mbu huhitaji takribani wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Shimo linalokauka ndani ya siku mbili halifugi mbu. Lako likichelewa kuliko hapo, lirekebishe au lifukie, usibishane na watu kwa maneno ya kitaalamu.

Eneo lako likigusa bahari, kuna maji ya pili ya kusoma. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti ya kimo wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupita mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana. Uliza wavuvi; wao huhesabu siku za mwezi bila kufungua simu. Nenda siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, piga vigingi pale povu lilipofikia, halafu rudi siku ya maji mafu upige vingine. Ukanda ulio kati ya mistari hiyo miwili ndio utakaoamua mmea gani uishi na upi ufe, utake usitake.

Na upepo uuandike kwenye ukurasa huo huo. Kusi huvuma takribani Aprili hadi Septemba, kaskazi takribani Desemba hadi Machi. Tazama baraza za nyumba za zamani za Ngamiani zimegeukia wapi, kivuli chake kina upana gani, watu wanakaa upande upi saa ngapi. Pima baraza moja uliyoipenda: kimo cha kukalia, kina cha kuegemea, umbali hadi mtaani. Vipimo hivyo vilitafutwa na watu waliokaa hapo, na mtu anayebuni bustani ya umma akaweka mabenchi ya chuma juani amepuuza darasa lililo mlangoni kwake.

Hatua ya nne: udongo

Hii ni fupi. Jaza robo tatu ya chupa kwa maji, tia konzi mbili za udongo, funga, tikisa kwa nguvu, uache chupa isimame. Mchanga utatua karibu mara moja, tope laini litafuata kwa muda wa saa chache, na mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka. Fanya hivyo kwa udongo wa sehemu tatu au nne za eneo lako, uandike jina la sehemu kwenye chupa, uzipange dirishani. Kisha shika udongo wenye unyevu, uusokote mkononi: ukitoa kamba ndefu isiyokatika, mfinyanzi ni mwingi.

Hatua ya tano: mimea, kwa majina ya watu

Anza na watoto. Watakuonyesha mkunazi, mfuu, mbungo na mkwaju kabla hujamaliza swali, kwa kuwa wao hula. Nenda kwa bibi anayejua dawa upate majina mengine. Kisha kwa fundi wa majahazi au muuza nguzo, atakayekupa orodha tofauti kabisa, ya miti migumu na ile inayooza. Kila jina liandikie nani amelitaja na ni kwa lugha gani, maana Mdigo, Mbondei na Msambaa wanaweza kuuita mti mmoja kwa majina matatu, na jina moja likabeba miti miwili. Kata tawi dogo lenye majani na maua au tunda, lilaze katikati ya magazeti, weka tofali juu, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Ukiwa na mkusanyiko wako uliokauka vizuri, mtaalamu wa misitu atakusaidia majina ya kisayansi kwa furaha. Ukimpelekea picha ya simu iliyotetemeka, atakuchoka.

Mikoko ndiyo kitabu kizuri zaidi cha kuanzia, kwa sababu mpangilio wake unasomeka kwa miguu. Ukitoka baharini kuelekea nchi kavu, mara nyingi utakutana kwanza na mlilana, ambao mizizi yake ya kupumulia imechomoza kama misumari minene. Kisha mkoko wenyewe wenye miguu mirefu iliyopinda, halafu muia, halafu mkandaa. Mchu unaweza kuukuta mbele na pia nyuma kabisa, kwenye ardhi yenye chumvi kali. Mkomafi, wenye matunda makubwa ya mviringo, hukaa ndani zaidi. Lile somo la vigingi vya bamvua na maji mafu hapa ndipo linapopata majina.

Kuna kisa kimoja cha Tanga ambacho kila mwanafunzi wa fani hii hapa angepaswa kukijua. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, alimpelekea baba yake Ujerumani kijimea chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, kinachoota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ya huku kwetu. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alikipa jina la Saintpaulia. Leo kinauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Huku mahali kilipotoka, ukienda kwenye vitalu vya barabarani utauziwa mimea ya mapambo kutoka mabara mengine, na muuzaji atakuambia mimea ya asili haina soko. Haina soko kwa kuwa wasanifu hawaiombi.

Upande wa pili wa somo hili uko Amani. Mhesi (Maesopsis eminii) ni mti wa Tanzania, lakini wa upande wa Ziwa Viktoria. Ulipandwa Usambara Mashariki, hondohondo wakala matunda yake na kusambaza mbegu, na palipokatwa miti ya asili wenyewe ukajaa. Kwa hiyo swali la kuuliza kitaluni ni kama mti ule ni wa mahali hapa, pwani hii au mlima huu. Kusema ni wa nchi hii hakutoshi. Mwarobaini nao, pamoja na dawa yake yote, huenea pwani kwa msaada wa ndege. Ukiupanda, uwe unajua hilo.

Hatua ya sita: kuliacha eneo lirudi porini

Huko Ulaya na Marekani harakati za kurudisha uasili zimepata sifa kwa wanyama wakubwa. Mbwa mwitu wa huko (wolf) walirudishwa hifadhi ya Yellowstone, Marekani, mwaka 1995, na watu bado wanabishana walibadilisha nini hasa. Wewe una kibonde cha Mikanjuni. Wanyama wako ni popo, nyuki, kaa, ndege wala matunda na majongoo, nao wanatosha kwa kazi hii.

Jongoo usimcheke. Kaskazini mwa Mombasa, kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, René Haller kutoka Uswisi alianza mwaka 1971 kupanda miti juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Aina nyingi zilishindwa. Mvinje ulisimama, kwa msaada wa bakteria wa mizizini wanaoupatia naitrojeni. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Haller alileta majongoo, wakayatafuna na kuyageuza mboji, na juu ya mboji hiyo miti mingine ikapata pa kushika. Ndiyo maana nilisema kona ya machimbo ya Pongwe ni somo la aina yake: huko unaanza bila udongo, na swali la kwanza linakuwa nani atautengeneza.

Kwenye eneo lako fanya hivi. Pima kipande cha mita 10 kwa 10, kizungushie kamba ya katani au matawi ya miiba, ukubaliane na majirani kwamba mbuzi hawaingii, moto hauwashwi na fyekeo halipiti. Pembeni yake pima kipande kingine sawa na hicho, ukiache kiendelee na maisha yake ya kawaida. Kila mwisho wa mwezi hesabu miche iliyojiotea katika vyote viwili, piga picha ukiwa umesimama pale pale. Ndani ya kipande kilichozungushwa tafuta visiki vinavyochipua. Chagua machipukizi machache yaliyonyooka, pogoa mengine. Dodoma wanaiita kisiki hai, na imeenea huko kwa sababu mizizi ya zamani iko tayari ardhini na haihitaji kumwagiliwa. Chomeka pia nguzo mbili tatu zenye tawi la kutua ndege. Chini yake utaanza kukuta mbegu ambazo hukuzinunua.

Ukitaka kuona kitu hicho hicho kwa kiwango kikubwa, omba ruhusa utembee kwenye mashamba pori, yale ya mkonge yaliyoachwa. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na ukaugeuza mkoa huu wote kuwa mistari iliyonyooka. Pale ulipoachwa, mistari bado inaonekana, ila kati yake vichaka vimeingia kwa zamu: majani, kisha miiba, kisha miti laini ya haraka. Vaa viatu vya kufunika mguu, tembea na mwenyeji, na mzinga ukiuona uupishe mbali. Vita vya Tanga vya Novemba 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani, vinakumbukwa hadi leo kwa nyuki walioingia bila kuitwa na mtu.

Kwenye mikoko kanuni yangu ni kali zaidi: usipande mpaka ujue kwa nini haioti yenyewe. Nimeona sherehe za kupanda zenye fulana na mabango, miche ikichomekwa mahali ambapo mawimbi yangeiondoa tu. Mikoko hutupa mbegu zake majini kila msimu; ukikuta uwazi usiojaa, kuna kitu kinachozuia. Huenda tuta la barabara limekata maji ya bamvua, huenda mbuzi wanakula, huenda pako chini mno. Fungua mfereji, zuia mbuzi, halafu subiri. Mara nyingi hutahitaji mche hata mmoja.

Sasa pingamizi la kweli, ambalo wapenda pori huliruka. Jirani anapoona majani yamefika kifuani haoni uasili. Anaona nyoka, kibaka na mahali pa kutupa pampasi. Dada anayetoka kazini saa mbili usiku ana sababu ya kutotaka kichaka kando ya njia. Hilo ni tatizo la usanifu, na linatatuliwa kwa usanifu: fyeka ukanda wa mita mbili kila upande wa njia, pogoa matawi ya chini ya miti mpaka usawa wa juu ya kichwa ili mtu aone upande wa pili, weka ukingo wa mawe ulionyooka, na uwe na mtu anayefagia. Pori lenye mpaka uliofagiwa husomeka kama kitu cha mtu. Lisilo na mpaka husomeka kama uzembe, na wiki ijayo litachomwa.

Hatua ya saba: chora, hatimaye

Chora eneo kwa kipimo cha 1:200, sentimita moja kwenye karatasi iwe mita mbili uwanjani. Halafu chukua karatasi nyepesi zinazoonyesha kilicho chini yake, na juu ya ramani hiyo chora kila jambo kwenye karatasi yake: maji, mteremko, udongo, mimea iliyopo, kivuli, njia za watu. Zilaze zote pamoja uzishike mbele ya dirisha. Pale ambapo hakuna kinachogombana ndipo pa kujenga. Pale zinapojaa mistari, kaa mbali. Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha Pennsylvania, aliieneza njia hii miaka ya 1960, na programu za ramani za kompyuta hufanya kitu kile kile. QGIS, mojawapo ya programu hizo, ni ya bure. Ijifunze, ila baada ya kufanya kwa mkono mara moja.

Kuliko ramani ya kutoka juu, thamini mchoro wa pembeni: ukate uwanja kama mkate, uonyeshe ardhi inavyoinuka, mizizi inavyoshuka, maji ya bamvua yanavyofika, mtu akiwa amesimama kwa kimo chake halisi. Makosa mengi ya usanifu hujificha kwenye ramani na huonekana hapa.

Usisahau sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto, bwawa au ziwa. Uchore mstari huo kwenye ramani yako kwa wino mwekundu kabla ya mawazo yoyote ya kibanda cha juisi.

Hatua ya nane: jenga kitu kidogo

Kimoja tu, na kiwe cha maji. Makinga maji yaliyofuata kontua zako za fremu A ndiyo ninayopendekeza: chimba mfereji mfupi juu ya mstari, udongo urundike upande wa chini, acha tundu la kutolea maji ya ziada mahali ulipopachagua wewe, na ulitandaze mawe. Fanya kabla ya masika, panda juu ya tuta masika yakianza. Katika jua la Januari na Februari kila mche unahitaji mwenyewe, kwa hiyo miche uipande kwa idadi ya watu waliokubali kumwagilia. Watu wanne wenye ndoo, miche ishirini, inatosha kabisa.

Vifaa viwe vya hapa: mawe yaliyokwisha vunjwa, kamba za katani, makuti ya kutandaza kama matandazo. Boriti za mikoko uziache zilipo. Na ukiombwa kumwaga pevingi uwanja mzima, kama ilivyo desturi siku hizi, rudi kwenye ile hesabu ya lita 5,000 umwonyeshe mteja uwanja wake nao umekuwa paa.

Hatua ya tisa: panda Amani

Pita Muheza. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya utafiti wa kilimo, wakapanda miti ya kutoka pande nyingi za dunia, na mingi imeshakuwa mizee. Faida yake kwako ni hiyo: kabla hujauchora mti kwa kiduara kwenye karatasi, nenda ukautazame ukiwa mzima. Pima kivuli chake kwa hatua, tazama mizizi imeinua nini, tazama chini yake kunaota nini. Kisha shuka kando ya mto Zigi. Maji haya ndiyo yanayokusanywa bwawa la Mabayani na kuingia kwenye mabomba ya jiji la Tanga, kwa hiyo tope unaloliona baada ya mvua kwenye shamba lisilo na makinga ni jambo la bomba lako.

Ukitaka kuendelea na chuo

Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kina shahada ya usanifu wa mandhari, na Kenya ipo katika JKUAT (Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta), Juja. Chuo kitakupa vile ambavyo uwanja hauwezi: uhandisi wa mifereji, mikataba, historia ya fani, na watu wa kukukosoa kila wiki. Angalia mapema masomo ya sekondari yanayohitajika, maana vigezo hubadilika.

Kwenye jalada la kazi zako weka vitu hivi: ramani moja ya 1:200 yenye karatasi zake za juu, michoro miwili ya pembeni, jedwali la miche iliyohesabiwa kila mwezi kwenye vipande vyote viwili, ukurasa wa majina ya mimea na nani aliyataja, picha za makinga maji kabla, wakati na baada ya mvua, na hesabu ya gharama hadi shilingi ya mwisho, pamoja na nauli. Picha zote ziwe na tarehe. Kama miche ilikufa, jedwali lionyeshe ilikufa mwezi gani na upande gani wa tuta.